Nusu ya Mwanafunzi

Katika shule yetu ya makatekista, mwanafunzi mmoja alikuwa watu wawili. Ndivyo tulivyoambiwa siku ya kwanza, mimi na mume wangu Kasmir, tukiwa bado na vumbi la barabara ya Chala kwenye nyusi. Shule haikupokea mwanamume asiye na mke, kwa hoja kwamba katekista anakwenda kuongoza watu, na watu kitu cha kwanza wanachokagua ni nyumba yake. Basi tukapewa nyumba moja, jembe moja, posho moja ya mahindi na maharage, na jina moja kwenye daftari la mahudhurio. Kila asubuhi Padri Romani, mkuu wa shule, aliita, "Familia ya Kasmir?" Nasi tuliitikia pamoja, "Tupo."

Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nilionewa na watu wabaya. Hakukuwa na mtu mbaya katika habari hii. Angekuwepo ingekuwa afadhali, ningejua wa kumnunia.

Kigango chetu kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chala. Padri wa parokia alikuwa anafika mara tatu kwa mwaka, mara nne kama mvua haikuharibu njia. Jumapili zote zilizobaki anayesimama mbele ni katekista: anasoma, anahubiri, anafundisha wanaojiandaa kubatizwa, anazika. Katekista wetu wa zamani alizeeka mpaka akawa anapotea katikati ya Baba Yetu, ndipo baraza la kigango likakaa na kumchagua Kasmir aende Sumbawanga kusomea kazi ile miaka miwili. Walimchagua kwa sababu ya sauti. Alikuwa na sauti ya kumrudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na moyo mwema, na hakuwa mlevi. Kusoma alisoma kwa kidole. Aliyemaliza darasa la saba akiwa wa pili ni mimi, lakini hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli wakati ule hata mimi sikujiuliza.

Wanaume walisoma asubuhi kwa Padri Romani: Maandiko, sakramenti, jinsi ya kuongoza ibada pasipo padri, jinsi ya kutunga mahubiri. Sisi wake tulikuwa upande wa pili wa uwanja kwa Sista Bertilla, tukijifunza kushona, kupika uji wa watoto na kupokea wageni wa ghafla. Mimi kushona kulinishinda kabisa. Nilishona gauni moja mwaka mzima, na Sista alipolinyanyua kwenye mwanga alisema, "Evodia, hili utamvalisha nani?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao.

Shule yangu ilianza jioni. Kasmir alirudi na daftari, akalitupa mezani na kusema, "Haya, mwalimu, leo wametuletea Waraka kwa Waebrania, nitakufa." Nilimsomea, nikamweleza, naye alibisha. Alikuwa mbishi wa ajabu. Hakukubali sentensi iingie kwenye mahubiri yake mpaka aielewe mwisho wake. "Hapa umesema neema. Neema hii bibi yangu wa Chala ataishika wapi?" Nikafuta, nikaandika upya. Baadaye alisimama juu ya kigoda, akanihubiria mimi peke yangu chumbani, na mimi nikajifanya ninasinzia ili aongeze nguvu. Hatukuwa na mtoto. Kwa miaka tisa ya ndoa tulikuwa tumezoea nyumba yenye watu wawili, na tulijua kuijaza.

Januari ya mwaka wa pili alishikwa na homa Jumatatu, Alhamisi akawa amekwisha. Sina la kuongeza hapo. Shule ilitafuta lori, tukamrudisha kijijini tukiwa tumekaa juu ya magunia kando ya jeneza, mvua inatunyeshea, na akazikwa na katekista wa kigango jirani.

Baada ya matanga nilirudi Sumbawanga kufunga mizigo. Hilo ndilo nililowaambia watu, na ndilo nililoliamini mwenyewe mpaka nilipofungua mlango. Daftari lake lilikuwa mezani, wazi, pale alipoandika kichwa cha somo na kuacha: Mfano wa Mpanzi. Nilikaa nikausoma mfano, nikaandika mahubiri. Nilipomaliza nikageuka nimwulize kama ameelewa.

Kesho yake sikufunga mizigo. Nilivaa khanga yangu nyeusi nikaingia darasa la wanaume na kuketi mahali pa Kasmir, dawati la tatu dirishani. Wanafunzi kumi na mmoja walinitazama kama aliyeingia msalani kwao. Padri Romani aliita majina. Alipofika kwetu ulimi ulishamzoea, akasema, "Familia ya Kasmir?"

"Nipo," nikasema.

Aliinua macho, kalamu juu ya daftari. Kisha akaweka alama, akaendelea na jina lililofuata. Somo lilipoisha akaniita ofisini.

Padri Romani alikuwa mtu wa huko huko kwetu Ufipa, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani akiwa na neno gumu. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Mama Evodia, pole tena."

"Nimeshapoa, Padri. Nataka kumalizia miezi iliyobaki. Nirudi kigangoni nifanye kazi aliyotumwa Kasmir."

Hakucheka. Nitamshukuru kwa hilo siku zote. Alisema kwamba kwa upande wake hakuona neno. Kule mjini na kwenye parokia nyingine wapo akina mama wanaofundisha dini, tena vizuri. "Lakini katekista hajitumi, mama. Anatumwa na kigango. Marehemu alikuja na barua ya baraza lake, na wewe niletee barua ya baraza lako. Waandike tu kwamba wanakutuma wewe. Nikiipata, jina lako nitaliandika mimi mwenyewe kwenye daftari."

"Na mpaka ifike?"

"Mpaka ifike, kaa usikilize."

Niliandika siku ile ile kwa Mwenyekiti wa kigango, mzee Eustaki. Niliandika kwa adabu zote, shikamoo tatu kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Nikampa dereva wa lori la mahindi linalokwenda Chala, maana wakati ule malori hayakukosekana. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya nafaka imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuwa wametapakaa Ufipa nzima wakilipa taslimu shambani. Tulipoanza shule kigango kilituletea magunia ya chakula kila msimu, kila jumuiya debe lake. Mwaka wa pili yaliteremka magunia mawili na salamu nyingi. Sikuwalaumu, maana hata mimi ningeuza.

Nikasubiri Februari, nikasubiri Machi.

Sijui kama nitaweza kueleza miezi ile. Asubuhi nilikuwa darasa la wanaume, nao hawakunikosea heshima. Waliniachia dawati zima. Walipogawanywa wawili wawili kwa mazoezi nilibaki mimi, kwa sababu hakuna mume wa mtu aliyetaka kuonekana amekaa na mjane anajadiliana naye habari za neema. Mchana nilivuka uwanja kwenda kwa akina mama. Walikuwa wakizungumza, nikifika wanapunguza sauti. Siku moja Sista Bertilla alinivuta pembeni akanishika mkono. Alisema somo la wiki ile lilikuwa juu ya mke wa katekista, jinsi ya kumtunza mumewe katika utume, na akaona afadhali nisiumie kulisikiliza. Alisema kwa huruma kabisa. Tangu siku ile sikurudi tena.

Posho nayo ikawa nusu. Mtunza ghala alipima debe, akasita, akamwaga nusu akairudisha kwenye gunia. Hakukosea, mdomo ulikuwa mmoja. Lakini nilipofika nyumbani na lile debe linalocheza kichwani, nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya kuhubiri kwenye kikanisa cha shule, mbele ya wenzake na wake zao. Mimi sikuwa kwenye zamu kwa kuwa sikuwa kwenye orodha. Nikawa naingia pale alasiri, watu wakiwa mashambani kupalilia matuta, na kuyahubiria mabenchi. Nilianza na lile la Mpanzi. Sauti yangu ilikuwa inagonga bati na kunirudia, na mara mbili ilinitisha nikanyamaza. Wiki ya tatu nilimkuta Sista Bertilla ameketi benchi la nyuma, sijui aliingia saa ngapi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unakimbia," akasema. "Unaongea kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Pumzika kwenye nukta." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na ni zuri, Evodia. Ni zuri sana." Akaondoka zake.

Barua ilikuja wiki baada ya Pasaka, na ilikuja na watu. Nilikuwa nachota maji nikamwona mzee Eustaki anashuka kwenye lori, koti jeusi la mtumba limemfika magotini, na nyuma yake Yonas, mdogo wake Kasmir. Ndoo niliiacha pale pale. Nilijiambia kwamba mtu hasafiri kutwa nzima juu ya magunia kuleta neno la kukataa.

Tuliketi wanne ofisini kwa Padri Romani. Mzee Eustaki alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani, akampa Padri kwa mikono miwili. Padri akaifungua, akasoma, akavua miwani. Nikajua.

"Soma kwa sauti, Padri," nikasema. "Inanihusu."

Barua ilisema baraza la kigango limepokea ombi la mke wa marehemu na limefurahishwa na moyo wake. Baraza halipendi mwaka mzima wa masomo upotee. Kwa hiyo baraza limemchagua Ndugu Yonas, mdogo wa marehemu, ashike nafasi ya kaka yake shuleni, na kwa kuwa shule inapokea familia, wazee wa pande zote mbili wamekubali Yonas amwoe Evodia, ndoa ifungwe hapo hapo shuleni, ili amsaidie katika masomo kama alivyomsaidia marehemu.

Mtu wa mbali atacheka. Mimi niliwaelewa. Walikuwa wamekaa chini, watu wazima, wakalikunia jambo langu vichwa, wakaona mwanafunzi amebaki nusu, wakatafuta nusu nyingine. Walifanya hesabu yao kwa uangalifu na kwa mapenzi, na mzee Eustaki alikuwa ananitazama akingoja niseme asante.

"Sisi hatutaki uondoke, mama yangu," akasema. "Tumetafuta namna ya wewe kubaki."

Padri Romani alisema kwamba ndoa haifungwi kwa barua ya baraza, kwamba mimi na Yonas ni watu huru, na kwamba tutajibu kesho. Mzee Eustaki akaona hilo ni sawa.

Yonas tulikaa naye kwenye benchi nje ya nyumba yangu, jua likiwa bado juu, watu wote wakituona na kujifanya hawatuoni. Upepo wa Sumbawanga ulikuwa umeshaanza kuleta baridi. Alikuwa kijana mzuri, mwenye sura ya Kasmir kuanzia pua kushuka chini, na hilo lilinichoma. Alikuwa anawakusanyia wanunuzi mahindi pale Chala.

"Shemeji, mimi sikuomba jambo hili," akasema. "Kaka alikuwa anapenda kitabu. Mimi napenda gunia. Lakini wazee wamesema."

"Una mtu?"

Alikuna shingo. "Yuko Majengo. Anauza nguo kwa shangazi yake."

"Anajua uko hapa?"

"Anajua nimekuja kusalimia."

Tukacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Na nikisema sikumfikiria nitakuwa mwongo. Nilimfikiria. Niliwaza asubuhi, kuitwa jina na kuitikia kwa sauti mbili. Niliwaza debe limejaa. Niliwaza Novemba, vyeti vinatolewa, na mtu wa kigango chetu anatoka mbele, na yale atakayosema Jumapili ni yangu. Nilitaka sana. Kama angekuwa mtu mbaya ningekataa upesi.

"Itakuwa rahisi tu, shemeji," Yonas akasema, ananibembeleza sasa. "Wewe utakuwa unaandika, mimi nitasoma ulichoandika. Wala sitauliza neno."

Hapo ndipo nilipokataa. Kesho yake nilisema mbele ya wote kwamba nawashukuru, na kwamba Yonas namwacha huru aende anakotaka kwenda. Mzee Eustaki alikunja ile barua taratibu akairudisha mfukoni. Hakukasirika, aliumia. Aliniuliza, "Sasa ulitaka tufanye nini?"

"Mliandike jina langu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akatikisa kichwa. Alisema jambo hilo baraza halikulizungumza, wala hajui lingezungumzwaje.

Bila barua Padri Romani hakuwa na la kufanya, au aliona hana, na nyumba ilitakiwa kwa familia nyingine. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye lori. Alisema kati ya wanafunzi aliofundisha wachache walijua ninayoyajua mimi.

"Liandike hilo kwenye karatasi, Padri, ugonge muhuri," nikamwambia.

Alifuta miwani. Kisha akanipa vitabu vya Kasmir vilivyokuwa vimebaki ofisini, kile cha ibada za Jumapili na kile cha mazishi, akasema ni haki yangu kama mjane. Nilivipokea kwa mkono mmoja. Nilikuwa na hasira, na najua haikumstahili yote.

Nyumbani nikalima. Yonas alimwoa yule wa Majengo, nikaimba kwenye harusi yao. Kigango hakikupata mtu wa kupeleka shuleni tena. Nani angelisha familia nyingine miaka miwili, na malori yanangoja barabarani? Jumapili mzee Eustaki aliongoza rozari, kisha akasoma Injili kwa kuisogeza karatasi mbali na macho, akiruka mistari. Aliwahi kusoma habari ya mwana mpotevu akamwacha hukohuko kwa nguruwe. Nilikuwa nimeketi upande wa akina mama nikishika benchi kwa mikono miwili. Mara moja nilimfuata nje nikamwambia ninaweza kumsaidia kusoma. Akasema, kwa upole ule ule, "Wewe tusaidie kuanzisha nyimbo, mke wa Kasmir." Nikaanzisha nyimbo. Jioni nilisoma nyumbani masomo ya Jumapili inayofuata, nikatunga mahubiri, nikayasema kwa sauti mpaka kwenye nukta, nikapumzika, nikalala. Miezi kumi na minne nilifanya hivyo, na hakuna aliyejua.

Julai, katika baridi kali, mkewe mzee Eustaki, mama Cornelia, alifariki. Walimtuma Yonas kwa baiskeli parokiani. Akarudi kesho yake asubuhi na habari kwamba padri yuko safarini kule ziwani, atarejea baada ya wiki. Na katekista wa kigango jirani, aliyemzika Kasmir, alikuwa amehamia Mpanda.

Nilikuwa napepeta maharage mzee Eustaki alipoingia uani kwangu. Peke yake, hana hata fimbo. Niliweka ungo chini nikapiga goti.

"Shikamoo, baba. Pole kwa msiba."

"Marahaba." Hakuketi. "Nimekuja kuomba kile kitabu cha mazishi cha marehemu."

Naona aibu kusema kilichopita moyoni mwangu, lakini kilipita. Nilifurahi. Mtu amefiwa, macho yamemvimba, na mimi ndani yangu nilisikia kitu kinasema, ehe, leo umefika.

"Kitabu kipo," nikasema. "Nani atasoma?"

"Nilisema Yonas."

"Yonas hajui kinaanzia wapi. Kuna maneno ya nyumbani, kuna ya njiani, kuna ya kaburini. Atamsomea mama Cornelia sala za mtoto mchanga."

Aliangalia maharage yangu kwenye ungo kana kwamba anayahesabu. Mimi sikumsaidia. Ningeweza kusema nitakuja, lingekwisha. Nilitaka aseme yeye.

"Tuliishi naye miaka arobaini na mbili," akasema. "Macho yangu hayaoni tena maandishi. Hata Jumapili huwa nabuni." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Njoo umzike mke wangu, Evodia. Usinipe kitabu. Njoo wewe."

Nikanawa, nikavaa, nikaenda.

Nilimzika mama Cornelia kama ilivyoandikwa na kama nilivyojua. Kwenye nyumba nilisoma nikikimbia. Njiani nikaacha kuogopa. Kaburini nilihubiri kidogo, maneno machache juu ya mwanamke ambaye kila mtu pale alikuwa amewahi kula kwake, na nilipumzika kwenye kila nukta, na katika zile nukta nilisikia watu wakilia. Hawakulia kwa ajili yangu. Walilia kwa ajili yake, na ndiyo kazi yenyewe. Niliponyunyiza maji na kutupa udongo wa kwanza, waliitikia "Amina" kwa sauti nzito, wanaume na wanawake, na ilinigonga kifuani. Nilikuwa nimetaka jambo hilo kwa muda mrefu na sikukosea kulitaka.

Tuliporudi msibani kila mtu alikwenda mahali pake. Wanaume waliketi kwenye magogo chini ya uchaga wa mahindi, wanawake wakaenda jikoni nyuma. Nikaenda jikoni. Niliweka kitabu juu ya ukuta, nikakunja mikono ya gauni, nikashika mwiko kusonga ugali wa ulezi. Mazungumzo yakakatika. Lucia, tuliyechunga naye mbuzi tukiwa wadogo, ambaye hajawahi kunionea haya kwa jambo lolote, aliutoa mwiko mkononi mwangu taratibu.

"Acha," akasema. "Wewe nenda ukakae, Katekista."

"Nikae wapi? Nipe kazi, Lucia."

"Nenda tu ukakae."

Nikatoka. Wanaume waliponiona nakuja walisimama wote, kofia mikononi, wakasogea mpaka gogo zima likabaki tupu, na hakuna aliyerudi kuketi. Mzee Eustaki akaita kwa sauti kiti. Wakaleta kutoka ndani kile kiti chenye mikono, ambacho hukaliwa na padri peke yake anapotutembelea, wakakiweka katikati ya uwanja, kwenye jua, mbali na magogo na mbali na jiko. Wakaweka kigoda mbele yake, na juu ya kigoda ugali na kuku, sahani moja.

Niliketi. Lucia alileta maji ya kunawa. Alipiga magoti yote mawili mavumbini, akainamisha kichwa.

"Inuka basi," nikamnong'oneza. "Ni mimi."

"Karibu chakula, Katekista," akasema, akimimina, asiniangalie. Akainuka, akarudi kwa wenzake.

Wakangoja wote, kwa adabu, nianze ndipo nao wale. Kumbe hawakuwa wameninyima kitu siku zote zile, hawakujua tu waniweke wapi, na sasa walikuwa wamejua. Nikamega tonge. Nilitafuna polepole kadiri nilivyoweza, macho kwenye sahani, kwa kuwa nikimaliza ingenibidi niinue uso, na hapakuwa na mtu aliyekaa karibu wa kumtazama.